Kibuyu Shingoni mwa Diwani

Asubuhi ile Nathaniel Maige alikuwa amechuchumaa uani, anasugua sufuria la ugali kwa majivu na gunzi, alipomwona baba yake anakunja kona ya ua, fimbo begani na kuku mmoja kwapani. Alisukuma sufuria chini ya karai, akajipangusa mikono kwenye suruali. Majivu hayana siri. Yalibaki mpaka kwenye viwiko, na mzee aliyaona. Alisalimiwa, akaitikia, akakaa kwenye kigoda, na kuhusu majivu hakusema kitu. Nathaniel alitamani angesema tu yaishe.

Mzee Maige alikuwa ametoka ng'ambo, upande wa Busisi. Alivuka na pantoni ya kwanza, akashukia Kigongo, akaomba lifti kwenye lori la mihogo mpaka njia panda ya Usagara. Huko kijijini walimwambia kiwanda cha kuchambua pamba alichokuwa anafanya kazi mwanawe kimeuzwa, na watu wamepewa barua waende nyumbani. Mzee hakuelewa. Mtu mzima yuko kwake, na mke na mtoto, anaambiwaje aende nyumbani? Akaona bora aje mwenyewe, macho hayadanganywi.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

"Ni kweli, baba. Wamepunguza watu."

"Wamekupunguza wewe."

"Wametupunguza wengi."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa idadi ya waliokufa na ndugu yake yumo. Akauliza mama Mihayo, mkamwana wake, yuko wapi. Nathaniel akajibu kwamba ametoka kidogo, atarudi. Hakusema ametoka kwenda kazini. Hakusema kwamba tangu ile barua, mkewe ndiye anayeleta unga, yeye ndiye anayeusonga, na kwamba vijana wa pale njia panda wakimwona na kikapu cha mboga wanamwita Shemeji wa Mbuzi na kumuuliza kama leo amepewa ruhusa ya kutembea.

Basi wakakaa. Kuku alifungwa mguu kwenye mguu wa kigoda. Mzee akaeleza habari za nyumbani, na hazikuwa nzuri: josho limefungwa, dawa ya kuogeshea haiji tena, na bwana mifugo naye amefungua duka. Ng'ombe wake karibu wote wamekwisha. Alinunua dawa mnadani, chupa ina picha ya ng'ombe amenona, akawachoma kama alivyoambiwa na muuzaji, wakafa vilevile. Alisema haya bila kulalamika, anatazama vidole vya miguu yake. Nathaniel hakukumbuka kama aliwahi kumwona baba yake akiwa na kazi ya kutazama vidole vyake. Mzee huyu alikuwa mtu wa kutazama mifugo.

Ndipo nyuma ya nyumba mbuzi akalia.

Mzee aliinua uso. Kama umewahi kuona taa ya chemli inapopandishwa utambi, basi ndivyo uso ule ulivyofanya.

"Hao ni wa nani?"

Nathaniel angeweza kusema ni wa kituo. Neno lilikuwa fupi, na lilikuwa la kweli. Lakini aliutazama ule uso, akayatazama majivu yaliyoganda kwenye viwiko vyake, na mdomo ukatangulia.

"Wangu," alisema.

"Wako," mzee alirudia, akasimama na kushika fimbo yake. "Kumbe umeanza kufuga. Na mimi nimekaa hapa nakulilia kiwanda. Hebu twende nikawaone."

*

Mbuzi wale hawakuwa wa Nathaniel, wala wa Ng'washi mkewe. Walikuwa wa kituo cha utafiti wa mifugo, pale ng'ambo ya seng'enge, ambako Ng'washi alichukuliwa kuwa mhudumu wakati ambapo wahudumu wengi wa zamani nao walikuwa wamepata barua zao. Aliingia kama mfagia mabanda. Daktari wa pale, mama mmoja Mjaluo wa Rorya anayeitwa Janet Odeta, alimtazama anavyomshika mbuzi mgonjwa, akamwambia aache ufagio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbuzi akiumwa mapafu anachomwa sindano, na dawa inaingia kwenye damu, hilo linajulikana. Lakini ugonjwa hauishi kwenye damu peke yake, unajificha ndani ya nyama. Je, dawa inafika huko? Na ikifika inakaa muda gani kabla haijaisha, au kabla nyama haijafaa kuliwa? Zamani ili ujue, ilibidi uchinje mbuzi mmoja leo, mwingine kesho, mwingine keshokutwa. Siku hizi kuna kitu kidogo cha plastiki, ukubwa wa ndimu, kina matundu mwili mzima. Mbuzi analazwa kwa dawa ya usingizi, kinawekwa chini ya ngozi ya shingo, anashonwa, anaachwa apone kabisa. Yale maji yaliyomo kwenye nyama yanachuruzika taratibu na kujaa mle ndani. Unapotaka kujua, unaingiza sindano nyembamba, unavuta matone machache, na mbuzi anaendelea kutafuna.

Wahudumu walikiita kibuyu.

Vibuyu vilikuwa vinatoka Ulaya, na wafadhili walianza kuchoka kuvinunua. Daktari Odeta akamtafuta fundi mmoja wa Mirongo, kule mjini, mwenye mashine ya kukereza, wakakaa naye wiki kwa wiki mpaka wakapata kibuyu cha hapa hapa Mwanza. Sasa walikuwa wanakipima. Kila mbuzi alikuwa na viwili: kulia cha Ulaya, kushoto cha Mirongo. Wafadhili walikuwa na swali moja. Hicho cha kwenu kitakaa mwilini bila kuoza na bila kutoka? Kama jibu ni ndiyo, mradi unaendelea na Ng'washi anapata ajira ya kudumu. Kama ni hapana, kila mtu ashike njia yake.

Na kwa nini mbuzi wawili walikuwa wanalala nyuma ya nyumba ya Nathaniel? Kwa sababu walinzi nao walipunguzwa, na mbuzi wa kituo wakaanza kupungua. Daktari alimwomba Ng'washi awalaze kwake wale wawili wa banda la mwisho, lililokuwa karibu na barabara. Mmoja aliitwa Karani, kwa sababu ya upole. Mwingine aliitwa Diwani, kwa sababu alitembea kifua mbele na alikuwa anapita kwa kila mtu kuomba.

Nathaniel alimwona mkewe kazini mara moja tu, siku alipompelekea kitambaa alichosahau. Alisimama dirishani. Ng'washi alikuwa amepiga goti, mbuzi ameegemea paja lake bila kufungwa kamba, na mkono wa kulia unaingiza sindano kama mtu anayechomeka pini kwenye nguo ya bibi harusi. Mbuzi hakutikisika. Maji yakapanda kwenye bomba, maangavu, yana umanjano kidogo. Daktari akasema, "Safi," basi. Nathaniel alikaa na lile neno siku nzima, kama vile ndiye aliyeambiwa.

Lakini hakumwambia mkewe. Siku hiyo alikuwa na hasira kwa sababu ya vijana wa njia panda.

*

Mzee Maige aliingia bandani, na mara moja akawa mtu mwingine. Aliwafungua mdomo akahesabu meno yao, akawabonyeza mbavu, akavuta kope za chini kuangalia damu. Kwa Karani aliguna, kwa Diwani alicheka, kwa sababu Diwani alimnusa mfukoni. Kisha mkono wake ukafika shingoni mwa Diwani na ukasimama.

"Huyu ana majipu hapa."

Nathaniel akasema ni kitu kidogo, kitaisha.

"Kidogo? Liko huku, liko na huku. Huyu mwingine naye anayo. Umewaacha hivi tangu lini?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa mwisho wa kutokea, na Nathaniel aliuona. Angesema, baba, hawa si wangu, na hayo si majipu. Lakini angeanzaje? Angeanzia kwenye mbuzi, aende kwenye mkewe, aende kwenye majivu. Mzee alikuwa tayari ametoa kisu chake na kuagiza kaa la moto. Alikuwa anachuma majani ya mwarobaini pembeni ya choo na kuyasugua kwenye viganja, na huku anaeleza, kwa furaha, jinsi jipu la shingo linavyoweza kumwingia mbuzi kwenye koo usipoliwahi. Tangu afike hakuwa amesema maneno mengi namna hiyo.

"Mshike miguu," alisema.

Na Nathaniel akashika.

Mzee alikuwa na mkono mwepesi, hilo asinyimwe. Alipasua mara moja, kidogo, upande wa kushoto. Akasubiri usaha. Yakatoka maji. Akayanusa, akakunja uso, akabonyeza tena. Ndipo kikachungulia kile kitu, cheupe, nyama imekishika pande zote kama mzizi ulioshika jiwe. Akakivuta kwa ncha ya kisu, taratibu, na kikatoka kizima na kuanguka kiganjani mwake.

"Jipu gani hili halina usaha?" aliuliza. Hakuwa anamuuliza Nathaniel. "Nyama safi. Haina harufu. Na hiki nini?"

Akageuza shingo ya mbuzi ili aanze upande wa pili.

"Baba Mihayo."

Ng'washi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo mkononi. Alikuwa amekuja kuwachukua wale wawili, akavute maji ya mchana kwenye vibuyu vyao. Hakusogea. Kwao mkamwana hamkatizi mkwewe maneno, wala hamsogelei akiwa amekaa chini miguu wazi, na mzee alikuwa amekaa hivyo hasa, kisu mkononi. Nathaniel alimtazama mkewe na akajua ameona yote. Alingoja apige kelele. Mwanamke mwingine yeyote angepiga.

"Baba Mihayo," Ng'washi alisema tena, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mwombe baba apumzishe kisu."

"Baba, anaomba upumzishe kisu."

"Nimesikia. Mwambie bado upande mmoja."

"Mwambie baba huo upande mmoja ndio uliobaki."

Mzee alimtazama mkamwana wake, jambo ambalo huwa hafanyi. Kisha akakiweka kisu juu ya jiwe, na akauachia mkono wake wa damu ukae pale hewani kama vile si wa kwake.

Ng'washi akaweka ndoo chini. Akapiga magoti, akamsalimia mzee kama inavyotakiwa, "Mwangaluka, baba," na mzee akaitikia. Baada ya hapo ndipo alipomsogelea mbuzi. Aliosha kidonda kwa maji yaliyochemka, akakikandamiza kwa kitambaa safi, akamwambia Nathaniel abane hapo, abane na asiachie. Kile kibuyu alikifunga kwenye kitambaa kingine. Alikuwa anapumua kwa pua, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani kwenye utelezi. Hakumuuliza mumewe chochote.

*

Chenge aliitwa kutoka kituoni, akaja na uzi na sindano ya kushonea. Alikuwa mhudumu wa siku nyingi, amebaki peke yake kati ya wale wa zamani, na alikuwa na dawa ya kila kitu, hasa vitu visivyohitaji dawa. Alipomaliza kumshona Diwani aliwaita mke na mume pembeni, nyuma ya ghala, mzee asisikie.

Alisema hakuna haja ya msiba. Daktari yuko Dar es Salaam, kesho anasimama mbele ya wafadhili. Atawaambia vibuyu vyote vya Mirongo viko mahali pake. Basi kimoja kirudishwe, kishonwe, nani atajua? Na maji ya mchana yagawanywe kutoka kwa Karani, nusu kwenye kichupa chake na nusu kwenye kichupa cha Diwani.

"Maji ni maji, mama Mihayo. Yana jina?"

"Jina nitaandika mimi, kwa mkono huu," Ng'washi alisema. "Ndiyo maana siwezi."

Chenge akacheka kidogo, akasema basi iko njia ya pili. Waseme kimetoka chenyewe. Kimeoza kikatoka. Vitu vya fundi wa Mirongo, kuna mtu atashangaa? Hakuna mtu wa kulaumiwa, kibuyu hakina mdomo.

Nathaniel aliona hiyo ni njia nzuri. Aliona inapitika. Alimgeukia mkewe ili amwombe, na alipouona uso wake akaufunga mdomo. Ng'washi alikuwa amekifungua kile kitambaa, anakitazama kibuyu kiganjani, kina damu kidogo kwenye matundu.

"Baba amesema nini alipokitoa?" alimuuliza mumewe. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Nathaniel akamweleza. Jipu gani hili halina usaha. Nyama safi. Haina harufu.

"Basi umesikia," Ng'washi alimwambia Chenge. "Kimekaa vizuri. Kilikuwa kimeshikwa na nyama. Nikisema kimeoza, keshokutwa wanavitupa vyote, na hakuna atakayetengeneza vingine. Nikisema kimetolewa kwa kisu nyumbani kwangu, watanitupa mimi. Mimi naweza kulima."

Chenge alikusanya vyuma vyake. Alisema wengine wana bahati ya kuwa na shamba, akaenda zake.

Wakabaki wawili. Nathaniel alitafuta maneno, akapata yale yale.

"Nilimwambia ni wangu."

"Nilijua," alisema Ng'washi. "Nilipokuona umeshika miguu nikajua." Akafunga kitambaa. "Mimi nakwenda kuvuta maji ya mchana, saa imefika. Mweleze baba. Si mimi wa kumweleza, unajua. Mwambie hivi: ile dawa aliyonunua mnadani, hakuna mtu duniani aliyejua inakaa siku ngapi kwenye mwili wa ng'ombe wake. Hawa mbuzi ndio wanaoulizwa hilo swali. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Akamchukua Karani kwa sikio na kuondoka naye. Nathaniel alimtazama anavyovuka seng'enge, mgongo umenyooka, yule mbuzi anamfuata bila kamba, na kwa mara ya kwanza tangu apewe barua yake hakuona aibu ya kuwa mume wa yule mwanamke. Aliona aibu nyingine, iliyokuwa nzito zaidi na iliyomstahili.

*

Alimkuta mzee amekaa karibu na Diwani, anampepea inzi kwa tawi. Akakaa chini, si kwenye kigoda. Akaeleza. Alianza na mbuzi, kisha kituo, kisha mkewe, na alipofika kwenye sufuria na majivu mzee akamwambia hayo aliyaona tangu mlangoni, aendelee. Akayasema na yale ya dawa ya mnadani, bila kupunguza.

Mzee akaliweka tawi chini. Inzi walirudi, hakuwapepea.

"Nimepasua mbuzi wa watu," alisema.

"Mimi ndiye niliyesema ni wangu, baba."

"Wewe ulisema. Kisu kilikuwa changu." Aliinua mkono, akautazama. "Nimezaliwa kwenye mifugo, sijawahi kupasua mbuzi wa mtu bila mwenyewe kujua. Mwenyewe ni nani?"

Nathaniel akasema ni Daktari, mwanamke, yuko Dar.

Basi mzee akaeleza kile ambacho Nathaniel alikijua tangu utoto, lakini akakieleza kama vile anakianza upya. Ukikabidhiwa mnyama wa mwenzako, unakunywa maziwa yake na unatumia samadi yake, hakuna shida. Akiumia mkononi mwako, hutumi mtu wa njiani. Unakwenda mwenyewe, habari isikutangulie. Unakaa uani kwa mwenye mali na unasema, nimeumiza. Kisha unangoja, hata kama ni mpaka jua lizame, kwa sababu aliyeumizwa ndiye mwenye neno la mwisho. Ukiondoka kabla hajasema, wewe na mwizi ni ndugu.

"Kwa hiyo twende," alisema, akashika fimbo.

"Baba, Dar es Salaam ni treni. Ni siku nyingi."

Mzee akauliza wenye kituo huwa wanamfikiaje huyo mama wakiwa na shida. Nathaniel akasema kuna duka Mirongo, la mtu binafsi, lina mashine inayopeleka karatasi kwa njia ya simu. Unaandika hapa, maandishi yako yanatokea kule wizarani alikofikia Daktari, mwandiko wako mwenyewe, na wao wakitaka wanarudisha yao.

"Mwandiko wangu mwenyewe unatokea kwake?"

"Unatokea."

"Basi hapo dukani ndiyo uani kwake," mzee alisema.

Ng'washi aliandika ile karatasi mezani kwa Daktari, vichupa vya maji ya mchana vikiwa tayari vimepangwa kwenye friji la mafuta ya taa, na kichupa cha kushoto cha Diwani kikiwa kitupu, kina jina lake hivyo hivyo. Hakuandika rasimu. Aliandika kwa herufi za shule, kubwa na zilizokaa sawa, na Nathaniel alisoma juu ya bega lake:

*Daktari, shikamoo. Mbuzi Diwani hana tena kibuyu cha kushoto. Hakikuoza wala hakikutoka chenyewe. Kimetolewa kwa kisu nyumbani kwangu leo asubuhi, kwa kudhani ni jipu. Aliyekitoa anasema hakikuwa na usaha na nyama ilikuwa imekishika. Cha kulia kipo. Wengine wote wako sawa, maji nimevuta. Kosa ni la nyumbani kwangu. Tafadhali ujue haya kabla hujasimama kesho. Ng'washi.*

Nathaniel aliomba kalamu. Chini ya jina la mkewe aliandika, *Mimi mume wake nilimdanganya baba yangu kwamba mbuzi ni wangu. Yeye hakuwepo. Nathaniel Maige.* Mzee hakujua kuandika, lakini alitaka awepo pia. Wakampaka wino wa mhuri kwenye kidole gumba, kile kile kilichokuwa kimeshika kisu, na akakibandika chini kabisa, kwa nguvu, mpaka karatasi ikajikunja.

Ng'washi hakwenda nao. Maji ya jioni yalikuwa yanamngoja.

*

Binti wa lile duka la Mirongo alikuwa amesuka nywele za mtindo wa Dar, na aliipokea karatasi kwa ncha za vidole kwa sababu ya ule wino. Aliisoma yote. Ilikuwa lazima aisome, alisema, ili ajue kama inaonekana. Wateja wengine wawili waliokuwa wanangoja simu nao walisogea wakaisoma, mmoja akamtazama Nathaniel kuanzia viatu mpaka kichwani, akauliza, "Kwa hiyo mbuzi ni wa shemeji?" Wakacheka. Nathaniel akajibu ndiyo, mbuzi ni wa kazi ya mke wangu, mimi napika. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kicheko kikakosa pa kukaa.

Mashine ilivuta karatasi taratibu, inalia kama nzige. Mzee alisimama mbele yake, amevua kofia. Alipoona karatasi yenyewe inatokea upande wa pili, ile ile, na kidole chake juu yake, akashtuka, akasema haijakwenda. Binti akamweleza kwamba hii inabaki, ila picha yake imekwenda. Imefika ofisini kule wizarani. Akamwonyesha kijikaratasi kilichotoka kinachosema imepokelewa.

"Na yeye ameiona?"

"Hilo sijui, babu. Labda yuko kwenye mkutano. Akiiona akitaka atajibu, itatoka hapa hapa."

Mzee akamshukuru. Akatazama huku na huku, akaliona benchi la ukutani, akakaa. Nathaniel alimnong'oneza kwamba waende, pantoni ya jioni itamwacha, na kama jibu likija kesho atapitia yeye mwenyewe alichukue. Mzee alimtazama kwa mshangao, kama vile amesikia mtoto mdogo anauliza kwa nini watu wanazika.

"Nitaondokaje na mwenyewe hajasema?"

Basi Nathaniel naye akakaa. Wale wa kungoja simu walipata simu zao wakaenda. Wakaja wengine, wakaenda. Binti alifagia, akainua miguu ya mzee kwa ufagio na kuomba radhi, mzee akasema haina neno. Nje watu wa soko walikuwa wanafunga meza zao. Nathaniel alimwazia mkewe, wakati ule ule, amepiga goti pale bandani, mbuzi ameegemea paja lake, mkono hautikisiki, anavuta matone ya jioni na kuandika kwenye kila kichupa jina lake la kweli, iwe kesho ana kazi au hana. Akamwambia baba yake, bila kuulizwa, "Ana mkono mzuri sana, yule. Siku moja uje umwone."

"Nimeshamwona," alisema mzee.

Binti alichukua ufunguo msumarini, akasimama nao mlangoni. Mashine ilikuwa imenyamaza, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Mzee Maige alikuwa ameweka kofia juu ya goti na fimbo chini miguuni, kama mtu aliyekaa uani kwa watu, na aliendelea kuitazama ile mashine.